Mahali Mrusi Awekapo Amana Yake

Saa tatu ya usiku wa tarehe 22 Januari 1991, maduka yakiwa yamekwisha kufungwa na mabenki hayana mtu wa kujibu, televisheni ya taifa mjini Moscow iliwatangazia raia wa Muungano wa Kisovieti amri iliyotiwa saini na Rais Mikhail Gorbachev, ya kwamba noti za rubli 50 na 100 zilizokuwa mikononi mwao zingekoma kuwa fedha, na ya kwamba wangepewa siku tatu tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kisichozidi rubli 1,000 kwa kila mtu. Mwenye zaidi ya hapo ilimpasa aende mbele ya tume aeleze alikozipata. Aliyekuwa na akiba benki naye hakusalimika, kwani aliambiwa hawezi kutoa zaidi ya rubli 500 kwa mwezi. Wazee waliodunduliza umri mzima, kidogo kidogo, kwa ajili ya maziko yao au harusi za wajukuu, walipanga foleni milangoni mwa mabenki katika baridi ya Januari, na wengi hawakulifikia dirisha kabla muda haujaisha. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Januari 1992, serikali mpya ya Boris Yeltsin iliziachia bei zipande zitakavyo, nazo zikapanda zaidi ya mara 25 katika muda wa mwaka mmoja, hata akiba ambayo zamani ilitosha kununua motokari ikawa haifikii mshahara wa mwezi.

Nimetanguliza habari hizi za fedha kwa makusudi. Mgeni aendaye Urusi asizijue ataona mambo mengi asiweze kuyaunganisha: nyuso zilizofungwa njiani, na ndani ya nyumba ukarimu usio na mpaka, serikali inayoogopwa na kuombwa kwa wakati mmoja, tajiri mwenye visima vya mafuta ambaye hulala hajui kama asubuhi vitakuwa vyake, na wazee wenye shahada za chuo kikuu wanaolima viazi kwa mikono yao katika kiwanja kidogo nje ya mji. Mimi nimeyatazama mambo hayo kwa jicho la mtu wa nje, na kila nilipoyazingatia nimefika pale pale, kwamba Mrusi amefunzwa na historia yake kuwa ahadi ya ofisi, hata ikiwa na saini na muhuri, yaweza kufutwa usiku mmoja, na kwa hiyo amana yake ameiweka kwa mtu anayemjua kwa uso na kwa jina. Wenyewe wana methali isemayo kuwa heri marafiki mia kuliko rubli mia, na miaka ile iliithibitisha methali hiyo kwa namna ya kuumiza.

Katika biashara, khiyana ya kwanza ilifuatwa na nyingine. Kuanzia Oktoba 1992 kila raia, mtoto na mkubwa, alipewa hati ya rubli 10,000 ili awe na fungu katika viwanda vya taifa vilivyokuwa vikibinafsishwa, na Anatoly Chubais, aliyeisimamia kazi hiyo, aliahidi kuwa hati moja ingefikia thamani ya motokari mbili aina ya Volga. Wengi waliishia kuziuza kwa bei ya chupa chache za vodka, au wakazikabidhi kwa mifuko ya uwekezaji iliyotoweka. Na mwaka 1994 kampuni iliyoitwa MMM, iliyokuwa ikiwalipa watu wa mwanzo kwa fedha za waliokuja nyuma, ilianguka na akiba za mamilioni ya watu. Mwaka 1995 serikali, hazina ikiwa tupu na uchaguzi unakaribia, ilikopa kwa mabenki ya watu wachache na kuweka rehani hisa za makampuni makubwa kabisa ya mafuta na madini. Deni halikulipwa, na rehani ikabaki kwa wakopeshaji kwa bei iliyokuwa chini mno ya thamani yake. Hivyo ndivyo Vladimir Potanin alivyopata Norilsk Nickel, na Mikhail Khodorkovsky akapata Yukos. Lakini mali iliyopatikana kwa kujuana na wakubwa haikuwa milki ya kutulia nayo, na jambo hilo lilidhihirika Oktoba 2003, pale Khodorkovsky, aliyekuwa tajiri wa kwanza wa nchi na aliyekwisha kuanza kuvisaidia vyama vya upinzani, alipokamatwa na askari wenye silaha ndani ya ndege katika uwanja wa Novosibirsk, kampuni yake ikavunjwa, naye akakaa kifungoni miaka kumi.

Mtu wa kawaida, wakati wakubwa wakigawana, alikuwa akifanya kazi miezi kadhaa bila ya mshahara. Katika mji wa Gus-Khrustalny, ambao umeishi kwa kutengeneza bilauri na vyombo vya kioo tangu karne ya kumi na nane, wafanyakazi walilipwa vyombo hivyo hivyo badala ya fedha, ikawalazimu kusimama vituoni na kando ya barabara wakiwauzia wapita njia. Na watu walipoanza kupumua, tarehe 17 Agosti 1998 serikali ilitangaza kuwa haiwezi kulipa madeni yake, na rubli ikaanguka tena. Basi asishangae mfanyabiashara wa kigeni akiona mwenyeji wake Mrusi anapenda mno mihuri ya duara, anaipiga katika kila karatasi, kisha karatasi anaiweka kando na kumtazama mgeni kwa muda mrefu bila ya kusema neno. Mazungumzo ya kwanza aghalabu huwa makavu. Mambo hufunguka siku mgeni atakapoalikwa chakulani, au akaitwa hamamuni, maana hapo ndipo anapopimwa yeye mwenyewe, ilhali mkataba ulikwisha pimwa na mawakili.

Siasa nayo imepita njia hiyo hiyo. Tangu zama za wafalme wao, raia aliyedhulumiwa na liwali wake hakuwa na kadhi wa kumwendea akatumaini haki. Tumaini lake lilikuwa kumfikishia mfalme mwenyewe kilio chake, kwa imani kwamba mfalme ni mwema na waovu ni waliomzunguka. Jumapili ya tarehe 9 Januari 1905, kwa kalenda yao ya zamani, maelfu ya wafanyakazi wa St. Petersburg wakiongozwa na kasisi Georgy Gapon walikwenda kwenye kasri ya Nicholas wa Pili, wamebeba picha za watakatifu na picha za mfalme, wamwombe awaondolee dhiki; mfalme hakuwako, na askari wakawapiga risasi. Desturi hiyo ingalistahili kufa siku ile. Lakini tangu Desemba 2001 Vladimir Putin amekuwa akiketi mbele ya kamera, takriban kila mwaka, kwa saa nyingi, akipokea simu na barua za raia kutoka kila pembe ya nchi: huyu paa linavuja, yule hakulipwa mshahara, mwingine kijiji chake hakina maji, na mara nyingi, kabla juma halijaisha, bomba la kijiji hicho huwa limetengenezwa. Kipindi hicho hunitia huzuni kila nikitazamapo, kwa sababu mama anayemlilia mtawala wa nchi kubwa kuliko zote duniani juu ya bomba lake anaye meya mjini kwake, analo baraza, anayo mahakama, wala hamwamini hata mmoja wao.

Na hao ambao angewaamini wameondolewa mmoja mmoja. Televisheni huru ya NTV ilitwaliwa mwaka 2001. Uchaguzi wa magavana ulifutwa mwishoni mwa 2004, na uliporudishwa mwaka 2012 ulikuwa umekwisha wekewa vizuizi. Muda wa urais uliongezwa kutoka miaka minne hadi sita. Na mabadiliko ya katiba ya mwaka 2020 yakampa Putin ruhusa ya kubaki hadi 2036. Aleksei Navalny, aliyefichua mali za wakubwa na kuwakusanya vijana barabarani, alikufa Februari 2024 katika gereza lililo kaskazini mwa Duara la Aktiki, na mwezi uliofuata ikatangazwa kuwa mtawala amepata asilimia 87 ya kura. Nchi iliyojengwa hivyo huwatia hofu hata wale wasiompenda mtawala wake, kwa kuwa wakifikiri siku atakayoondoka hawaoni taasisi yoyote iliyosimama ya kuipokea amana.

Kwa anayetaka kwenda kuyaona hayo kwa macho yake, safari leo ina adha zake. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022, kwa hiyo msafiri hana budi kubeba fedha taslimu. Na viza peke yake haitoshi, kwani mgeni anayekaa zaidi ya siku chache lazima aandikishwe pale anapolala, kazi ambayo hoteli humfanyia lakini rafiki mwenye nyumba aweza kuisahau. Hayo yakiisha, nikiulizwa mgeni aanzie wapi kumjua Mrusi, nitajibu kuwa aanzie katika treni ya usiku, tena ya daraja la tatu.

Reli itokayo Moscow hadi Vladivostok ina urefu wa kilomita 9,289, na treni huchukua takriban siku saba kuimaliza, ikivuka mto Volga, ikipita milima ya Ural karibu na Yekaterinburg, ikavuka Ob pale Novosibirsk na Yenisei pale Krasnoyarsk, kisha ikazunguka ukingo wa kusini wa ziwa Baikal, ambalo kina chake ni mita 1,642 na hapana ziwa jingine duniani lenye kina kama hicho. Behewa la kawaida la daraja la tatu lina vitanda 54, vya juu na vya chini, bila ya mlango wala pazia baina ya watu, na mwenye amri humo ni mhudumu, aghalabu mwanamke wa makamo, anayekagua pasipoti, akagawa mashuka, akaangalia moto wa birika kubwa la maji lililo kichwani mwa behewa na lisilopoa usiku wala mchana. Chai huiuza katika bilauri iliyopachikwa ndani ya kishikio cha chuma chenye nakshi, ili abiria asiungue vidole na bilauri isipinduke treni inapoyumba. Saa moja haijapita tangu kung'oa nanga stesheni, watu wote wamevua nguo za njiani, wamevaa sapatu na nguo nyepesi za nyumbani, na kila meza ndogo imejaa mayai ya kuchemsha, matango, kuku wa kuoka, mkate mweusi na chumvi iliyofungwa katika kipande cha gazeti.

Hapo ndipo uso uliofungwa hufunguka. Mtu ambaye barabarani asingekujibu salamu atakumegea mkate wake bila ya kukuuliza, na akikataliwa ataona amevunjiwa heshima; kisha atakueleza habari za mke aliyemwacha, za mwana aliye jeshini, za kiwanda kilichofungwa, na za babu yake aliyekufa katika vita vya Hitler, kwa uwazi ambao kwetu sisi watu wa pwani, tuliozoea kusitiri mambo ya ndani, hutia haya. Nimefikiri sana sababu yake, na naona ni hii: abiria mwenzako hana ofisi, hana faili, na kesho kutwa atashuka Omsk au Chita msionane tena, kwa hiyo siri aliyopewa haiwezi kugeuka silaha.

Uaminifu huo baina ya watu wasio na cheo huonekana hata katika foleni. Mrusi aingiaye zahanati haendi kusimama nyuma ya mgongo wa mtu. Huuliza kwa sauti nani wa mwisho, mmoja huinua mkono, naye akishamtia machoni aweza kukaa, kusoma, hata kutoka kwenda dukani, na akirudi nafasi yake ipo, imetunzwa na watu asiowajua. Hapana karatasi wala namba. Desturi hiyo ilizaliwa katika miaka mingi ya uhaba, na naiona kuwa miongoni mwa mambo matukufu waliyoyaunda wenyewe bila ya amri ya mtu.

Haki itendeke: dola ile nayo imeacha vitu ambavyo mtu hawezi kuvipita bila ya kusimama. Reli ya chini ya ardhi ya Moscow ilifunguliwa tarehe 15 Mei 1935, katika miaka ambayo watu walikuwa wakichukuliwa usiku majumbani mwao wasirudi, na hata hivyo vituo vyake vimepambwa kwa marumaru, taa kubwa na nakshi za vigae ambazo zamani zilikuwa za wafalme, akawekewa mpita njia wa nauli ndogo. Katika kituo cha Ploshchad Revolyutsii kuna masanamu ya shaba ya askari, wakulima na mabaharia, kazi ya Matvey Manizer, na mmoja wa askari ana mbwa ambaye pua yake inang'aa kwa kuguswa. Simama hapo dakika chache utaona mwanafunzi, mzee, mama mwenye mzigo, kila mmoja akinyoosha mkono kugusa pua hiyo kwa bahati bila ya kupunguza mwendo. Na mgeni asiyejua kusoma maandishi yao atafaidika akijua kuwa sauti itangazayo vituo huwa ya mwanamume treni ikielekea katikati ya mji, na ya mwanamke ikitoka.

Lakini starehe za Mrusi zimo mahali pengine, na ya kwanza ni hamamu. Msomaji wa Unguja aliyeingia katika Hamamni aliyoijenga Sultani Barghash ana mwanga wa jambo lenyewe, ila ya Warusi ina moto mkali zaidi: mawe hupashwa hata yakawa mekundu, maji hurushwa juu yake kwa kata, na mvuke hushuka kwa nguvu kiasi cha mtu kulazimika kuvaa kofia ya sufi kukinga kichwa. Kisha rafiki yako hukulaza juu ya benchi na kukupiga mgongoni kwa fungu la matawi ya beryoza, mti wao wa gome jeupe, lililorowekwa majani yakalainika, na harufu ya majani hayo huenea chumba kizima. Kutoka hapo ni kujitosa katika maji ya baridi, au katika theluji, na kurudi tena, mara kadhaa, na baina yake kunywa chai au kvas, kinywaji chao cha mkate uliochachuka. Hamamu za Sandunovskiye mjini Moscow zimekuwako tangu mwaka 1808, zikapita vita na mapinduzi. Waziri na dereva wakiwa wamejifunga mashuka tu, cheo hakionekani, na ndiyo sababu mambo mazito ya biashara, kama nilivyotangulia kusema, husemwa humo.

Starehe ya pili ni dacha, na neno hilo lisimpotoshe mtu akadhani ni kasri. Tangu baada ya Vita Kuu ya Pili watu wa viwandani na maofisini waligawiwa viwanja vya mita za mraba 600, wakajenga vibanda vya mbao kwa mikono yao, na katika njaa ya miaka ya 1990 viazi vya viwanja hivyo ndivyo vilivyozilisha familia nyingi mishahara ilipokosekana. Hadi leo, ikifika Mei, treni za Ijumaa jioni hujaa watu waliobeba miche, na ikifika Agosti kila jiko lina safu za mitungi ya achari ya matango, nyanya na uyoga, na jamu za matunda ya msituni ambazo huliwa kwa kijiko pamoja na chai wakati wa baridi. Kuokota uyoga ni elimu inayorithiwa. Bibi humfundisha mjukuu upi ni halali na upi ni sumu, na mahali penyewe panapoota hapatajwi hata kwa jirani mwema. Mbele ya mtungi wa achari aliotengeneza mwenyewe, nimemwona mzee akiwa na fahari ambayo benki haikuwahi kumpa.

Sisi wa Afrika Mashariki tulijiwekea amana huko pia. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa Moscow mwaka 1960, na mwaka uliofuata, baada ya kuuawa Patrice Lumumba, kikapewa jina lake. Vijana kutoka Kenya, Tanganyika na Unguja, ambao serikali za kikoloni ziliwanyima nafasi, walikwenda kusoma utabibu, uhandisi na sheria bila ya kulipa ada, wakaanza kwa mwaka mzima wa kujifunza lugha, na wengi walirudi wakatumikia hospitali na wizara zetu. Ukarimu ule ulikuwa wa kweli, na machungu yalikuwa ya kweli pia: Desemba 1963 mamia ya wanafunzi wa Kiafrika waliandamana hadi Uwanja Mwekundu baada ya kifo cha mwenzao wa Ghana, na katika miaka ya 2000 magenge ya vijana wenye chuki yaliwashambulia Waafrika mitaani. Chuo hicho kiliondolewa jina la Lumumba mwaka 1992, kikarudishiwa mwaka 2023, wakati Urusi ilipokuwa ikiwatafuta tena marafiki barani kwetu.

Ilikuwa ikiwatafuta kwa sababu ya vita. Tangu majeshi yake yalipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, sheria iliyopitishwa siku chache baadaye inaweza kumfunga mtu hadi miaka 15 kwa kusema juu ya jeshi yale ambayo serikali haikuyakubali. Na amri ya Septemba mwaka huo ya kuwaita askari wa akiba 300,000 iliwafanya vijana kwa mamia ya maelfu kukimbilia Tbilisi, Yerevan, Almaty na Belgrade. Duara la kuaminiana, ambalo ndilo lililowabeba Warusi katika kila dhiki, limepasuliwa: mwalimu ameshtakiwa na mwanafunzi wake, jirani na jirani, na mazungumzo ya jikoni ambayo zamani yalikuwa salama leo hufanywa simu zikiwa zimewekwa chumba kingine. Katika madhara yote ya vita hivyo kwa Warusi wenyewe, hili nalihesabu kuwa kubwa.

Na vita hivyo vimefika majumbani kwetu. Familia za Kenya na Tanzania zimepokea habari za vijana wao waliokwenda kwa ahadi ya kazi au masomo wakaishia katika mstari wa mbele, na wasichana wa Kiafrika walioitikia matangazo ya kazi huko Alabuga, katika jimbo la Tatarstan, walijikuta wakiunda ndege za vita zisizo na rubani. Mzazi wa Tanga au Kisumu ambaye mwanawe ameletewa mkataba wa Kirusi wenye muhuri mzuri na mshahara mnono, kabla tiketi haijakatwa, amtafute mmoja wa wazee wetu waliosoma Moscow au Leningrad. Wangali wengi, Kirusi hawajakisahau, na wanajua kuketi na karatasi kama hiyo wakaisoma sharti kwa sharti mpaka lifike lile linalotaja jeshi.